Riwaya hii nimpe mdogo wangu asome, au niiache ilikofichwa na mama?

Binti Langoni (Lamu):
Assalaam alaykum jamani. Nina miaka 23 na mwanangu ana sita. Hesabu pigeni wenyewe.

Rafiki aliniazima riwaya. Msichana wa kidato cha pili ashika mimba, shule yamfukuza, kijana atoweka sura ya tatu na harudi tena, baba amtoa nyumbani, mwisho afa akijifungua. Niliisoma kwa siku mbili, usiku mtoto akishalala. Nililia, sikatai, mwandishi anajua kazi yake. Kuna mahali msichana anajifunga leso tatu tumboni ndipo aende paredi. Mimi nilijifunga mbili.

Lakini nilipofika mwisho niliitupa sakafuni. Kwani lazima afe? Mimi sikufa. Nilirudi darasani mtoto ana miezi saba, nimeweka kitambaa kifuani, na kila ikifika saa nne, saa yake ya kunyonya, maziwa yanapenya mpaka kwenye shati. Nikaficha kwa daftari la Hisabati. Nyumbani mama akichoma mahamri ya kuuza, mtoto yuko mgongoni. Hayo katika riwaya hayamo hata mstari mmoja.

Sasa mdogo wangu wa miaka 15 ameiona, anaitaka. Mama kaitia chini ya godoro lake, asema nisimfungue mtoto macho. Mimi hofu yangu ni nyingine: akiisoma ataniona dada yake kama maiti iliyosahau kufa. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu (Malindi):
Kwanza tazama ilichapishwa lini. Kenya ilitoa sera ya kuwaruhusu wasichana warudi shule baada ya kujifungua mwaka 1994, na mwongozo mpya ukaja 2020. Ikiwa hadithi ni ya kabla ya hapo, mwandishi hakudanganya, msichana kafukuzwa kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa katika kikao cha walimu tukamfukuza mtoto wa watu kwa dakika kumi, kisha tukanywa chai. Mpe asome, ila umwambie mlango ule siku hizi uko wazi, asije akadhani bado una kufuli.

Kufuli la Shaba:
Riwaya kama hizi ndizo zinazoharibu mabinti. Choma.

Binti Langoni:
@Kufuli Mimi nilishika mimba kabla sijasoma riwaya hata moja.

Nahodha Mstahamilivu:
Hapo pa kijana kutoweka ndipo panaponichoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imesema mtoto atunzwe na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Nakijua kwa sababu nilisomewa nikiwa nimeinamisha kichwa. Binti yangu nilimwona mara ya kwanza ana miaka minne, akanikimbia akajificha nyuma ya nyanyake. Huyo mdogo wako mpe, na kama kuna kaka hapo nyumbani, mpe yeye kwanza.

Bi Mkubwa wa Siu:
Mwanangu, mamako usimlaumu. Mwana Kupona alipoumwa alikaa akamtungia bintiye utendi, mwaka 1858 huo, hakungoja mtu baki aje amsemee. Mambo haya si ya yeo. Huyo mtoto aambiwe, lakini aambiwe na nyinyi wenye uchungu naye. Mwandishi akishamuua msichana wake huenda akalala usingizi, nyinyi ndio mtakaobaki na maswali.

Mwalimu Mstaafu (Malindi):
Bi Mkubwa, hapo sikubaliani nawe kabisa. Nyumba nyingi huo mdomo wa kusema haupatikani. Kitabu angalau huanzisha.

Binti Langoni:
Mrejesho. Jana baada ya Isha nilijikaza nikamwendea mama kumwomba kitabu. Akainua godoro. Hakuna kitu.

Tulimkuta mdogo wangu juu darini na tochi ya simu, amebakisha kurasa mbili. Mama alifungua kinywa, akakifunga, akashuka kwenda kukanda unga. Mimi nikakaa kando yake mpaka akamaliza. Nilijua ataniuliza kwa nini afe, na jibu nilikuwa nalo tayari.

Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Dada, zile leso zilikuwa zinauma?"

Nikamwambia ya pili ndiyo iliyouma.