Udongo wa kuoteshea miche: nichanganye nini na nini?

Bustani_Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Nina kibustani nyuma ya nyumba huku Kigamboni na udongo wetu mnaujua, mchanga mtupu. Nataka kuotesha nyanya, bilinganya na pilipili mbuzi kwenye trei. Udongo wa kuoteshea wa dukani bei yake siiwezi. Jirani kanipa magunia mawili ya vumbi la makumbi ya nazi, limetoka Unguja. Nichanganye na nini? Samadi ya kuku ninayo, bado mbichi mbichi. Halafu kuna hili: miche yangu huota vizuri, siku chache tu inasinyaa shina pale chini na kulala. Nisaidieni.

Mpunga_Ifakara
Mkuu, huku tunatumia pumba za mpunga. Zichome ziwe nyeusi, zisifikie majivu, kisha zimwagie maji. Udongo wa juu debe tatu, samadi ya ng'ombe iliyooza mbili, mchanga moja, na pumba hizo kiasi. Inatosha.

Bi_Jambiani
Ndugu yangu, kabla hujachanganya chochote, uliza makumbi hayo yametoka upande gani. Huku kwetu mashariki ya Unguja makumbi tunayafukia pwani, bahari ikijaa na kupwa juu yake kwa miezi. Yakishalainika wanawake huyafukua na kuyaponda, wapate usumba wa kusokotea kamba. Vumbi linalobaki limekunywa bahari. Ukipanda humo bila kulisafisha, mbegu nyingi hazitoki, na zitakazotoka majani yataungua kingo.

Liloweke usiku kucha kwa maji matamu, ulikamue ndani ya gunia, umwage maji, urudie mara tatu au nne. Maji ya mvua ndiyo bora, maana visima vingi vya karibu na pwani navyo vina chumvi. Kisha otesha humo maharage machache. Maharage yanachukia chumvi kuliko nyanya, kwa hiyo yakitoka na majani safi, endelea bila wasiwasi.

Mimi nachanganya vumbi lililosafishwa kopo mbili, mboji iliyoiva na kuchekechwa kopo moja, mchanga wa mtoni kopo moja. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Lowanisha, ufumbate mkononi. Ukifungua kiganja, bonge libaki limeshikana, ukiligusa kwa kidole livunjike. Likichuruzika maji, umezidisha.

Samadi ya kuku mbichi iache kabisa, inaunguza mizizi. Mbegu huja na chakula chake, kinaifikisha mpaka majani ya kweli, yale yanayofuata mawili ya kwanza, yaanze kutoka. Kipimo cha mwenzetu wa Ifakara ni kizuri kwa viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vya miti au mipapai, lakini kwenye vitundu vidogo vya trei samadi hiyo ni nyingi mno kwa nyanya.

Huko kulala kwa miche ni kinyausi. Vimelea vyake wanakaa kwenye udongo na wanapenda majimaji. Mboji yako ilowanishe, uipike kwa mvuke nusu saa kwenye pipa lililofunikwa, maji yakichemka chini bila kuigusa. Trei iwe na matundu, mbegu usizibananishe, mwagilia asubuhi ili jioni uso wa udongo uwe umekauka. Naandika kwa urefu kwa sababu vumbi hili naliona likitupwa kila siku, nami linaniuma, maana likioshwa tu ni mali.

Bustani_Kigamboni
Ahsante sana Bi, Mungu akuzidishie. Nimeuliza, kweli yametoka Paje, huko huko mashariki. Je, nikitia majivu ya kuni kidogo kuzuia huo ugonjwa?

Bi_Jambiani
Usitie. Majivu nayo yana chumvi zake, na utakuwa umerudisha ulichokiosha. Ukitaka kinga zaidi, nyunyiza mchanga mkavu mwembamba juu ya mbegu badala ya udongo, uso unakauka haraka. Mbegu ya nyanya ifukie nusu sentimita tu. Nyanya zitakuwa tayari kuhamishwa wiki ya nne hivi, lakini siku chache kabla ya hapo punguza maji na uzizoeshe jua. Pilipili mbuzi zinachelewa kuota, huenda hata wiki mbili zipite, kwa hiyo usizifukue kuangalia kama zimeoza.