Ukoo wa Mvumi: gumzo la Alhamisi jioni

Yustina: Shikamooni wakubwa. Nakumbusha kwa mara ya tatu, Jumamosi watoto wote kwangu Ipagala, saa nne asubuhi. Mtoto wa Elia kamwachia nauli yule jamaa wa stendi anayekuhesabisha kichwani kisha anataja jibu lako. Nataka wajue inavyofanyika.

Yustina: Jaribuni na nyie. Waza namba. Zidisha kwa 2. Jumlisha 10. Gawa kwa 2. Toa uliyoiwaza. Umebaki na 5.

Elia: Nimepata 9 😂

Yustina: Shemeji uliwaza 4. Umegawa ile 10 peke yake. Gawa jumla yote.

Elia: Weee! 4 umeijuaje???

Chiku: Shangazi ana mambo 😂😂

Yustina: Ukigawa 10 tu, unabaki na namba yako na 5 juu. Yeye kapata 9, toa 5. Chiku usicheke, wewe ndiye utakayewafundisha wadogo.

Yustina: Watawekewa mfuko wa karanga uliofungwa, idadi hawaijui. Mara mbili, mifuko miwili. Weka karanga 10 pembeni. Gawa nusu, mfuko mmoja na karanga 5. Ondoa mfuko. Hata ungekuwa na karanga elfu, umeondoka nao. Jamaa haisomi namba yako, anaitupa nje!

Mama Neema: Karanga tena jamani

Mama Neema: Mchezo huuhuu ndio ulimpata mama. Alitajiwa 5 kabla hajafungua mdomo, akaamini mpaka magunia ya karanga yakahama ghalani. Na aliyempeleka kwa yule mganga yumo humu humu.

Mjomba Daudi: Nilijua tutafika huku.

Elia: Wakuu, zabibu Hombolo bei gani wiki hii?

Yustina: Elia!! Tumalize hili kwanza. Wa sekondari wana wao: andika tarakimu tatu mara mbili, tuseme 472472. Gawa kwa 7, jibu kwa 11, jibu kwa 13. Unarudi 472. Kuandika mara mbili ni kuzidisha kwa 1001, na 7 × 11 × 13 ni 1001.

Mama Neema: Daudi hajajibu.

Bibi: Marahaba. Ananiandikia Chiku. Karanga nilizitoa mimi, kwa mikono yangu. Daudi alinisindikiza kwa sababu nilimwomba, na njiani alinikataza. Sikuwaambia kwa kuwa niliona aibu. Mama Neema, mwache kaka yako. Na huo mfuko wa karanga nataka kuuona mimi kwanza, kabla ya watoto.

Mjomba Daudi: Asante mama.

Chiku: Bibi kashazima taa

Yustina: Sawa mama. Basi badala ya Ipagala tuje Mvumi? Watoto ni wengi, nani ana gari? Nani ana ubao? Nyie mnasoma, naona tiki za bluu.

Elia: Nimerudia kwa 4. Nimepata 5 👏 Mtoto wangu nitamleta, popote.

Mama Neema: Nitaleta unga. Kama ni Mvumi siji na boda.

Baba Tatu: Ndo nafungua simu. Jumamosi nina zamu, isogezwe Jumapili baada ya ibada.

Yustina: Zamu inaisha saa ngapi?