Dalali anasema kiwanda cha pikipiki za umeme kinakuja Visiga. Niweke pesa ya kikoba?

Mama Zuhura

Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko Manzese. Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga.

Marehemu baba alituachia ekari moja na nusu Visiga, ukishaipita Kibaha unaelekea Mlandizi. Mikorosho michache na kichaka. Miaka yote hakuna aliyeiulizia zaidi ya wachoma mkaa. Mwezi uliopita akaja dalali, kijana mtanashati, kiatu kinang'aa mpaka nikajiuliza lile vumbi la Visiga alilikwepa vipi. Akanionyesha ramani kwenye simu: kuna kampuni changa inataka kujenga kiwanda cha pikipiki na bajaji za umeme, na Kibaha, Kigamboni na Morogoro wanaigombania. Huyu anatoa eneo bure, yule anaahidi msamaha wa kodi, mwingine barabara ya lami mpaka getini. Akaniambia, "Mama, Kibaha imeshashinda, bado kutangaza tu."

Shamba letu halitaki. Anataka mimi ninunue la jirani, robo tatu ekari, kwa milioni saba na nusu, eti kiwanda kikitangazwa litafika ishirini na tano. Kikoba tumekivunja juzi na mgao wangu ni milioni saba na laki mbili. Utadhani alichungulia daftari la mweka hazina!

Nikamuuliza kampuni inaitwaje. Akasema jina ni siri kwa sababu ya ushindani. Mume wangu anasema ninunue. Mpwa wangu anaendesha pikipiki ya umeme ya mkopo pale Mwenge, naye anasema biashara ipo kweli, anabadilisha betri mara mbili kwa siku na mafuta ameyasahau. Kwa hiyo siwezi kusema hivi vitu ni hadithi. Ninachotaka kujua: miji kweli inagombania kiwanda namna hii? Na mtu kama mimi atajuaje kipi kitajengwa na kipi ni maneno ya kijiweni?

Kigamboni Asilia

Sisi wa Kigamboni tulishaambiwa mji mpya. Michoro ya maghorofa ya vioo, watu wakasita hata kuchimba choo wakisubiri fidia. Daraja lilikuja kweli, 2016. Mji wenyewe naupitia kwenye picha. Mimi simo.

Suka Mstaafu

Mwanangu, usinunue kwanza. Hii ni ndefu, lakini nimestaafu, muda ninao.

Kugombania kupo, tena sana. Nimeendesha teksi Las Vegas miaka saba. Ukishika barabara kuu ya I-15 kuelekea kaskazini-mashariki unafika mahali panaitwa Apex, jangwa la mawe na vichaka, ndani ya mji wa North Las Vegas. Mji huo ulipigwa na mtikisiko wa uchumi wa 2008 mpaka ukakaribia kufilisika, kwa hiyo ulikuwa na njaa ya kiwanda chochote. Desemba 2015 kampuni changa ya magari ya umeme, Faraday Future, ikatangaza kujenga pale kiwanda cha dola bilioni 1, ajira 4,500. Wabunge wa Nevada wakaitwa kwenye kikao maalumu, wakapitisha vivutio vya hadi dola milioni 335: nafuu za kodi, na fedha za kupeleka maji na miundombinu jangwani. Wakati huo kampuni ilikuwa haijauza gari hata moja.

Aprili 2016 wakafanya sherehe ya kuzindua ujenzi, hotuba na makofi. Tingatinga zikasawazisha udongo. Novemba kazi ikasimama. Julai 2017 wakatamka wenyewe kwamba hapo hawajengi tena, maana tajiri wao, Mchina aitwaye Jia Yueting, fedha zilikuwa zimemkaba. Nilikuwa na rafiki Mesquite, nikienda kumsalimia napita palepale. Siku moja nikaegesha nikashuka. Nilichokiona ni vigingi vya wapima ardhi, vile vya mbao, vimefungwa utepe wa rangi ya waridi, na upepo umeuchana ule utepe mpaka umebaki nyuzinyuzi. Kimya. Hata mlinzi hakuna.

Kilichoiokoa Nevada ni kwamba ahadi nyingi zilikuwa na masharti: weka dhamana yako kwanza, sisi ndipo tukope fedha za miundombinu. Mhazini wa jimbo wakati ule, Dan Schwartz, alikuwa akiuliza hadharani hawa watu hela watatoa wapi, na wengi walimwona mkorofi.

Sasa usije ukasema viwanda vyote ni upepo. Nevada hiyohiyo, mwaka mmoja na ushee kabla, Septemba 2014, iliipata Tesla, kampuni nyingine ya magari ya umeme. Majimbo matano yalikuwa uwanjani. Nevada ikatoa nafuu za kama dola bilioni 1.3 kwa miaka 20, na Tesla ikajifunga kuwekeza dola bilioni 3.5 na kuajiri watu 6,500. Kiwanda kile cha betri kipo, karibu na Reno, kinafanya kazi. Lakini tazama ujanja: mashine zilikuwa zimeshaanza kuchimba pale Reno miezi kadhaa kabla ya kutangaza mshindi, na majimbo mengine bado yanabembeleza. Ni kama bwana harusi aliyekwishapeleka posa kwa watu, bado anazunguka nyumba nyingine anakula pilau.

Na wanaobembeleza hujivunjia heshima, mwanangu. Mei 2020 mji wa Tulsa, Oklahoma, uliitaka Tesla. Wana sanamu kubwa ya mchimba mafuta, mita 23 kwenda juu, fahari ya mji. Wakaipaka rangi, nembo ya Tesla kifuani na sura ya bosi wake, Elon Musk, usoni. Julai Tesla ikachagua Austin, Texas. Hebu fikiria yule Askari wa pale Posta tumvalishe kofia ya kampuni, halafu kampuni iende zake Mombasa.

Kwa hiyo siri ya jina hainishangazi, kampuni huficha hivyohivyo wakati wa kupima bei. Kinachonishangaza ni dalali. Mtu anayejua kwamba milioni saba na nusu itakuwa ishirini na tano hakutafuti wewe Manzese. Anauza hata hicho kiatu, ananunua mwenyewe.

Halafu wewe una shamba huko, umesahau Tamco? Shuka kituoni Kibaha uwaulize wazee. Malori ya Scania yaliunganishwa pale, kwa mikono ya watu wetu. Kazi ile ya Scania ikaisha, kondakta bado anakiita kituo Tamco.

Wa Mlandizi Tu

Huyo dalali anaendesha Raum ya kijivu? Kwetu mwezi wa tatu kilikuwa kiwanda cha maziwa.

Fundi Betri Sinza

Shikamoo mzee Suka. Naongeza la kiufundi, maana hizi betri nazifungua kila siku.

Mama Zuhura, kufunga pikipiki ya umeme hakuhitaji kiwanda kama unachokiwaza. Inakuja kwenye kontena kutoka China: fremu, mota, kontrola, waya, tairi. Vijana wanafunga kwa spana, wanajaribu breki, wanatoa nje. Godauni moja Vingunguti linatosha, na liko karibu na bandari. Kinachokula mtaji ni betri. Ukitaka mwendesha bodaboda asisubiri chaji, lazima uwe na betri nyingi kuliko pikipiki, nyingine ziko njiani, nyingine ziko kabatini zinajazwa. Na makabati yenyewe lazima yakae walipo bodaboda: Mwenge, Kariakoo, Mbagala, Gongo la Mboto. Mpwa wako akiishiwa chaji Mwenge atakwenda Visiga? Kampuni changa ikipata hela, kwa akili yangu, itaweka kabati la kumi Tandika kabla ya kufikiria ukuta Visiga.

Tuseme basi ni kiwanda kikubwa kweli. Kitaanza na umeme. Nenda eneo lenyewe uangalie juu. Unaona laini kubwa ya kilovolti 33, au vile vinguzo vya kupeleka taa majumbani? Kuna transfoma ya maana? Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, sawa, lakini hazikusaidii kitu kama transfoma ya mtaa wako inakohoa mashine ya kusaga ikiwashwa. Angalia na barabara, kontena la futi 40 litakata kona wapi.

Jambo jingine linaloniudhi: tunawaza Kibaha na Kigamboni, wakati tunaoshindana nao hasa wako nje. Ampersand wa pikipiki za umeme walianzia Kigali. BasiGo wa mabasi ya umeme na Roam wa pikipiki wako Nairobi. Waganda na Kiira yao wameweka kiwanda cha mabasi Jinja. Sisi bajaji zinapanga foleni ya gesi, si vibaya, ni nafuu kuliko petroli, lakini mtu wa betri akija anakuta mteja ameshatuliza roho. Madini ya betri tunayo, grafiti iko Mahenge, nikeli iko Kabanga, halafu sisi tunauziana vichaka kwa ajili ya godauni la kukaza bolti.

Samahani, nimetoka nje ya mada. Usinunue.

Kigamboni Asilia

Fundi, mimi naulizia betri ya pikipiki ya mtumba, nikufuate pembeni?

Fundi Betri Sinza

Njoo, ila ya mtumba bila kuipima sikuuzii.

Mama Zuhura

MREJESHO.

Asanteni wote, na mzee Suka shikamoo. Jumamosi nilifunga fremu, nikapanda gari la Mlandizi pale Mbezi mimi na mpwa wangu, tukashuka Visiga. Nikaangalia juu kama fundi alivyosema. Nguzo tatu za mti, ya mwisho imeinama, waya unaishia kwenye kibanda cha mama anayeuza vocha na barafu. Yule mama anasema ukiwashwa umeme wa saluni ya jirani, friji lake linazima.

Shamba tuliliona. Bikoni zipo, zimepakwa rangi nyekundu. Nikagusa moja, kidole kikatoka chekundu. Rangi ya asubuhi ile! Zuhura mwanangu akiona ile kanga yangu niliyojifutia sasa ana maswali.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hajasikia kiwanda chochote. Dalali amemsikia. Akatuelekeza kwa mwenye shamba mwenyewe, tukamkuta anapalilia mihogo, mzee mpole, akatukaribisha maji. Nikamuuliza bei kama mpita njia. Milioni nne na nusu, na ukimlipa kwa mkupuo anapunguza. Kumbe ile milioni tatu ya juu ilikuwa ya kung'arishia kiatu.

Wa Mlandizi, ndiyo, ni Raum ya kijivu.

Sikununua. Kwa mzee yule sikufunga mlango, nimemwambia nitarudi baada ya mvua nione maji yanasimama wapi, maana kwa bei yake hata mihogo inalipa. Kariakoo nimechukua mashine ya ovaloki ya mtumba kwa laki tisa, maana sare za shule zinakuja na nilikuwa napeleka nguo kwa watu kupiga ovaloki kila siku. Mume wangu alinuna siku mbili, ya tatu akaja mwenyewe kuifunga mota.

Jana dalali kapiga tena. Kiwanda kimehamia Bagamoyo, na bahati nzuri ana eneo jirani kabisa. Nikamwambia niko kwenye daladala, simsikii. Namba yake nimeisevu kwa jina la Apex.