Kupanga taa za LED kwa rafu ya kuoteshea mboga ndani: nianzie wapi?

RafuYaKijani aliuliza:

Habari zenu wadau. Ninaandaa rafu ya chuma ya kuoteshea mboga katika chumba kisichopata jua la kutosha, na ningependa mpango wa taa ukamilike kabla sijasia mbegu. Rafu ina ngazi mbili, kila ngazi ina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, na juu ya kila ngazi kuna nafasi ya sentimita 45. Ngazi ya chini itakuwa ya letusi na mrehani hadi kuvuna. Ya juu itakuwa kitalu cha miche ya nyanya na pilipili, ambayo baadaye itahamishiwa nje.

Nimefikiria kutumia tepe laini za LED zenye gundi mgongoni, zile za mita 5 na volti 12, zenye rangi nyekundu na bluu, nizibandike moja kwa moja kwenye ubao ulio juu ya mimea. Je, nahitaji mita ngapi kwa kila ngazi? Rangi hizo mbili ni za lazima, au mwanga mweupe unatosha? Na taa zikae umbali gani kutoka kwenye majani? Ningefurahi zaidi kuelekezwa namna ya kukokotoa kuliko kupewa jibu tupu, kwa sababu nina nia ya kuongeza rafu nyingine.

MwangaKwanza alijibu:

Habari nzuri, ndugu. Idadi ya mita huja mwishoni mwa hesabu. Kinachotangulia ni kiasi cha mwanga ambacho mmea unahitaji, na kiasi hicho hakipimwi kwa wati wala kwa macho, bali kwa idadi ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazoangukia kila mita ya mraba kwa sekunde, zikiwa ndani ya mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 ambayo majani huyatumia katika usanisinuru. Kipimo chake ni mikromoli, na mikromoli milioni moja ni moli moja. Letusi hustawi vizuri ikipata mikromoli 200 hadi 250 kwa saa 16 kwa siku, na miche ya nyanya na pilipili nayo hukua mifupi na minene katika kiwango hicho hicho.

Tuchukue 220. Zidisha kwa saa 16, kisha kwa sekunde 3,600, ugawanye kwa milioni moja, utapata takriban moli 12.7 kwa siku, kiwango ambacho kinaitosha letusi. Eneo la ngazi yako ni mita ya mraba 0.72, kwa hiyo majani yanahitaji kupokea mikromoli 158 kila sekunde. Sehemu ya mwanga hupotelea pembeni, hasa kwenye rafu iliyo wazi. Ukikadiria kuwa hasara hiyo ni moja ya tano, taa zenyewe zitoe takriban 198.

Hapo ndipo ubora wa taa unapoingia. Kwa mwanga mweupe wa kelvini 4,000 (kelvini huonyesha rangi ya mweupe huo), lumeni 70 hivi, yaani kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona, ni sawa na mikromoli moja, kwa hiyo unaweza kuipima taa yoyote kwa kusoma lebo yake. Tepe laini inayotoa lumeni 100 kwa wati inakupa mikromoli 1.4 kwa kila wati, na utahitaji wati 141, ambazo ni karibu mita 10 za tepe ya wati 14.4 kwa mita. Fito ngumu za LED zilizojengwa juu ya bamba la alumini, zikiwa na lumeni 180 kwa wati, hukupa mikromoli 2.6, nawe utahitaji wati 76 tu. Kwa taa zinazowaka saa 16 kila siku, tofauti hiyo ni kubwa, nami kwa ngazi ya letusi ningechagua fito bila kusita.

Kuhusu rangi, mwanga mweupe unatosha. Ndani yake mna bluu na nyekundu, na pia kijani, ambacho watu hudhani ni cha bure ilhali hupenya zaidi ndani ya jani na kuyafikia majani ya chini. Taa nyekundu za nanomita 660 zina ufanisi mkubwa na ni nyongeza nzuri, lakini chini ya mwanga wa zambarau hutaona jani linapoanza kugeuka manjano, wala hutatambua mapema madoa ya ugonjwa au wadudu. Kwa mtu anayejifunza mimea yake, hiyo ni hasara kubwa.

Umbali na mpangilio viamuliwe pamoja. Fito nyingi zenye nguvu ndogo ni bora kuliko chache zenye nguvu nyingi, kwa kuwa nafasi yako ni fupi na majani yatakuwa karibu sana na taa. Jitahidi nafasi kati ya ufito na ufito isizidi umbali wa kutoka taa hadi ncha za majani. Katika upana wa sentimita 60, fito 6 zikiwekwa kila baada ya sentimita 10 hivi, mbili za nje zikisogezwa karibu kabisa na ukingo, zitatoa mwanga ulio sawa hata majani yakiwa sentimita 12 tu chini yake. Kingo ndizo hupata mwanga hafifu kila mara, kwa sababu zinaangazwa kutoka upande mmoja, na ubao mweupe usiong'aa ukisimamishwa kuzunguka rafu hurudisha sehemu nzuri ya mwanga ambao ungetokomea chumbani.

FundiWaya alijibu:

Naafikiana na hesabu ya MwangaKwanza, nami ningependa kuongeza upande wa umeme, kwa sababu hapa maji na nyaya vinakaa karibu.

Kwanza, joto. Usibandike tepe kwenye ubao. Mbao haipitishi joto, gundi hulainika, na baada ya muda utaikuta tepe imeachia katikati na kuning'inia juu ya majani ikiwa bado inawaka. Ibandike kwenye reli ya alumini iliyofutwa vumbi na mafuta, kisha reli ifungwe kwa skrubu. Fito nazo zifungwe kwenye alumini. Taa zikishawaka saa moja, shika alumini kwa vidole: ikiwa huwezi kuendelea kuishika, punguza mkondo au ongeza alumini.

Pili, volti. Tepe ya mita 5 yenye wati 72 huvuta ampea 6 kwa volti 12, lakini ampea 3 tu kwa volti 24. Mkondo ukipungua kwa nusu, umeme unaopotea ndani ya waya hushuka hadi robo. Ndiyo maana tepe za volti 12 huonekana zimefifia upande wa mwisho. Chagua volti 24, na kama tepe ni ndefu, ilishe umeme kutoka ncha zote mbili.

Tatu, draiva, yaani kifaa kinachozilisha taa umeme unaozifaa. Ikiwa fito zako zinahitaji draiva ya mkondo usiobadilika, amua mapema kama utaziunganisha kwa mfululizo (umeme upite ufito mmoja baada ya mwingine) au sambamba (kila ufito upate njia yake). Tuseme kila ufito unatumia volti 24 na ampea 0.55. Fito 6 kwa mfululizo zinahitaji volti 144, ambazo ni hatari kuguswa, hasa kwa mikono iliyotoka kumwagilia. Kwa usambamba utabaki kwenye volti 24 na ampea 3.3, ila waya mmoja ukichomoka, fito 5 zilizobaki zitagawana mkondo wote na kila mmoja kupata ampea 0.66, kwa hiyo hakikisha zinaweza kuuhimili. Mimi ningechagua usambamba. Draiva usiitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake: kwa wati 79, chukua ya wati 100.

Draiva ikae nje ya rafu, juu kuliko chombo chochote cha maji. Rafu yako ni ya chuma, basi iunganishwe na waya wa ethi, na soketi iwe na kifaa cha kukata umeme pindi unapovuja. Sehemu hii isirukwe.

RafuYaKijani aliandika:

Nawashukuru sana nyote wawili. Nitafunga fito 6 nyeupe kwa ngazi ya chini, kwa usambamba. Nimebakiwa na mambo mawili: je, tepe laini hazifai kabisa hata kwa kitalu cha juu? Na nitajuaje kwamba mwanga umefika kiwango kilichokokotolewa, ikiwa sina kipimo cha fotoni?

MwangaKwanza alijibu:

Kwa kitalu zinafaa, mradi ziwe nyeupe, za volti 24, na ziwe juu ya alumini. Miche ni mifupi, unaweza kuishusha taa hadi sentimita 10, na nyanya na pilipili hazitakaa hapo muda mrefu. Zipe saa 16 na giza la saa 8. Nyanya ikiwashiwa taa mchana na usiku bila kupumzika, majani yake hugeuka manjano na kuharibika.

Kuhusu kupima, kipimo cha kawaida cha luksi, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba, kinatosha kwa mwanga mweupe: gawanya usomaji kwa 70, hivyo luksi 15,400 ni sawa na mikromoli 220. Kwa taa nyekundu na bluu kipimo hicho hudanganya, maana kimetengenezwa kufuata jicho la binadamu. Pima sehemu 9, yaani safu tatu za vituo vitatu, kwenye kimo ambacho majani yatafikia. Kama pembe zina chini ya theluthi mbili za katikati, sogeza fito za nje kabla ya kuongeza nguvu.

Letusi ikishakua, angalia majani machanga ya katikati. Yakianza kuwa na ncha za kahawia, mara nyingi ni kalisi haifiki huko kwa sababu majani hayo hayapumui maji ya kutosha, huku mwanga ukiyasukuma yakue haraka. Weka feni ndogo inayopuliza taratibu juu ya mimea, na upunguze mwanga kidogo, hata kwa kutoa saa mbili kwenye taima.