Tupeane uzoefu: uliwahi kutafuta kitu kimoja ukaokota dodo chini ya mnazi?

Kibuyu Kitupu
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa kidato cha pili kaja na kazi ya nyumbani: atafute Kiswahili cha serendipiti, lile neno la Waingereza la kukuta kitu cha maana ambacho hata hukuwa unakitafuta. Nikamwambia andika "bahati". Kaniangalia kama nimemtukana.

Nikakumbuka mwaka 2016 nilipopoteza funguo za pikipiki. Nilifumua mito yote ya kochi, funguo hakuna, nikakuta hereni ya dhahabu ya marehemu mama. Ile hereni ilitafutwa wiki nzima baada ya msiba, watu wakaanza kushukiana. Nilikaa sakafuni kama nusu saa. Funguo zilikuwa mfukoni.

Tupeane uzoefu, na neno mnipe. Kesho asubuhi anakusanya.

Tonge Nyama
Zali. Herufi nne, kazi imeisha, kalale.

Chaki Nyeupe
Zali ni la kijiweni, mtoto atakatwa alama. Neno ni SADFA.

Pwani Asilia
Sadfa siyo hiyo bwana. Nikikutana nawe feri ya Likoni bila kupanga, hiyo ndiyo sadfa, na huenda nilikuwa nakukimbia kwa deni. Faida iko wapi? Sisi huku Mombasa twasema ngekewa. Au fulani kaangukiwa na nyota ya jaha.

Chaki Nyeupe
Ngekewa hata mcheza kamari anayo. Hapo kuvumbua kuko wapi?

Shimo Refu
Mimi niko Dodoma, maji ya visima vya mtaani kwetu ni ya chumvi, chai yenyewe unakunywa kwa subira. Mwaka 2019 nikaita vijana wanichimbie shimo la choo. Futi kumi na nane wakapiga kelele, nikajua wamekuta nyoka. Kumbe maji. Nikaonja kwa kidole: matamu! Choo kikahamia kona nyingine mbali kabisa, majirani wakaanza kupanga ndoo. Ushauri wangu: chimbeni vyoo.

Tonge Nyama
Uliyaonja maji ya shimo la choo 😂😂

Shimo Refu
Choo kilikuwa hakijaanza kutumika mkuu. Soma vizuri.

Mlima Baridi
Mnahangaika na nini wakati mfano uko Lushoto? Mwaka 1963 Erasto Mpemba yuko kidato cha tatu Magamba. Vijana wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndipo uingize kwenye friji. Nafasi zikawa zinaisha. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza yake ya moto vilevile. Baadaye kufungua, ya kwake imeganda, ya mwenzake aliyeingiza maziwa ya baridi bado uji.

Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Akashikilia, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa zima likaokota, akikosea kidogo tu anaimbiwa hivyo. Kufika Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar, Dk. Denis Osborne. Jamaa akasimama akauliza lilelile! Wenzake wakacheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Leo wanasayansi wanabishana kuhusu "athari ya Mpemba" na bado hawajamalizana.

Nilisoma miaka mingi baadaye jirani na shule hiyo na hakuna mwalimu aliyewahi kunisimulia. Nilikuja kulisikia redioni nikiwa na watoto wawili.

Tonge Nyama
Mpemba wa Pemba au wa Lushoto?

Mlima Baridi
Jina tu hilo. Ukiitwa Tonge unalika?

Juma wa Pili
Sikutaka kuandika, ila mada imenigusa.

Nilianguka na bodaboda, kifundo cha mguu kikavimba. Nikaenda hospitali moja, siitaji. Nimekaa kwenye benchi, ikaitwa "Juma!" Nikanyanyuka, nikaingia nachechemea. Lala hapo, vua shati. Nikavua. Nikapakwa yale mafuta ya baridi tumboni, kile kidude kikaanza kupita. Nikajiambia teknolojia imekua, siku hizi mguu unaonekana kupitia tumboni.

Yule dada alikuwa anapiga stori na mwenzake. Ghafla akanyamaza. Akarudi palepale, upande wa kushoto, akabonyeza. Akatoka, akarudi na daktari. Daktari akauliza, "Maumivu yameanza lini?" Nikamwambia jana, bodaboda ilipoteleza. Wakatazamana. Nje mtu anagonga mlango: "Mimi ndiye Juma wa tumbo!"

Wakaniomba radhi, lakini daktari hakuniruhusu kushuka kitandani. Figo ya kushoto ilikuwa na uvimbe wa sentimita nne. Mimi sikuwahi kuumwa hata siku moja, mkojo safi, nabeba gunia.

Niwaambieni ukweli, kisu hakikuniuma kama ule usiku wa kabla ya upasuaji. Mama watoto alikuwa kijijini, nilimwambia nimelazwa kwa ajili ya mguu. Saa nane usiku akapiga: "Mbona mguu unalazwa siku nne?" Nikakosa sauti. Yeye ndiye akaanza kulia, mimi nikafuata, wodi nzima ikaamka. Walitoa kipande chenye uvimbe, wakasema ungesubiriwa mpaka uanze kuuma ungekuwa umetembea. Huu ni mwaka wa sita.

Mguu ulipona wenyewe.

Bi Mkubwa Salma
Allah akuzidishie afya mwanangu. Nimesoma mara mbili.

Wakili wa Mtaa
Uwashtaki. Kumpima mtu bila kuhakiki jina lake ni uzembe.

Juma wa Pili
Niwashtaki kwa kuniponya?

Wakili wa Mtaa
Uzembe ni uzembe. Leo umepona, kesho Juma mwingine anakatwa mguu.

Tonge Nyama
Juma wa tumbo alikuwa na nini?

Juma wa Pili
Gesi.

Nahodha Mstaafu
Tumwache Juma apumue, turudi kwenye neno la mtoto. Sarandibu ndilo jina ambalo mabaharia Waarabu walikiita kisiwa cha Sri Lanka. Kuna hadithi ya kale ya Kiajemi ya wana watatu wa mfalme wa huko. Walimweleza mwenye ngamia aliyepotea kwamba ngamia wake ni chongo, maana nyasi zililiwa upande mmoja tu wa njia. Hawakuwa wanamtafuta, waliona tu. Mwaka 1754 Mwingereza Horace Walpole akaitaja hadithi hiyo kwenye barua, na humo ndimo alimolitunga hilo serendipiti, kutokana na Sarandibu. Alisema ni ajali pamoja na werevu. Kwa hiyo aliyesema "bahati" kakamata nusu.

Mwanasayansi Fleming alirudi kutoka likizo mwaka 1928 akakuta kisahani cha bakteria kimeota ukungu. Mwingine angekiosha. Yeye akaona kuzunguka ule ukungu bakteria wamekufa, ikaja penisilini.

Mlima Baridi
Na Laetoli, kule Ngorongoro, je? Mwaka 1976 watafiti wanatupiana mavi ya tembo kwa mchezo, Andrew Hill akajikuta chini, uso kwa uso na nyayo za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Miaka miwili baadaye zikapatikana za watu wa kale.

Tonge Nyama
Profesa anarushiwa mavi anapata umaarufu. Sisi tunarushiwa kila siku.

Pwani Asilia
Dodo basi. Ila huokotwa chini ya mwarobaini, si mnazi.

Kibuyu Kitupu
Kwetu ni mnazi.

Shimo Refu
Kwetu mkorosho.

Bi Mkubwa Salma
Ukiokota usitangaze. Watakuja wenyewe kudai.

Kibuyu Kitupu
Mrejesho. Binti kaandika "kuokota dodo" na chini yake kaeleza habari ya ngamia chongo. Mwalimu kapiga mkasi, kaandika kwa wino mwekundu: BAHATI NASIBU.

Chaki Nyeupe
Hiyo si ni ya kukwangua namba jamani?

Tonge Nyama
Mwambie binti amuulize mwalimu: fizikia ya nani hiyo?