Mrejesho: P9 mbili, nafuu moja

Niliuliza hapa kwa nini iTax (mfumo wa kodi mtandaoni wa Kenya) inanidai ilhali nakatwa kodi kote kuwili: shuleni asubuhi (KSh 28,000) na duka la dawa jioni (KSh 26,000). Asanteni sana, hasa aliyesema nizilaze P9 zote mbili (fomu za mwajiri za mshahara na kodi iliyokatwa mwaka mzima) mezani nilinganishe. Kumbe kila mwajiri alinipa nafuu ya kodi (punguzo) ya KSh 2,400 kwa mwezi, na mtu hupewa moja tu! Tena kila mshahara ulianzia kiwango cha kodi cha 10%. Ukijumlisha mishahara yote miwili, sehemu inaangukia kiwango cha 30%. Shule imebaki na nafuu, dukani wameiondoa. Ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) niliwahi, 28 Juni. Ila deni lilitakiwa kufikia 30 Aprili, nikaongezewa 5% na riba ya 1% kwa mwezi. Hapo mlinionya, nikapuuza.