Mjadala: Tuchome miombo mwezi wa sita, tulipwe hela ya kaboni?

Msangu_Halisi: Wakuu, kule kaskazini mwa Australia, Arnhem Land, wenyeji wanachoma pori mapema kiangazi, na kuanzia 2006 kampuni ya gesi ikawa inawalipa kwa moshi wanaoupunguza; ndiyo hela ya kaboni hiyo. Kama sikosei wanapunguza tani laki moja hivi za gesi chafu kwa mwaka. Moto wa Juni unakuta majani yana unyevunyevu, usiku umande unauzima. Wa Oktoba ni mkali, unababua mpaka majani ya juu ya miti. Chunya yetu inaungua kila mwaka bure. Kwa nini tusiwahi sisi tukalipwa?

BabaPaina: Uchome ili kupunguza moshi! Hesabu hiyo umeipiga ukiwa na ulanzi wa mianzi kichwani. Nina ekari nane za paina hapa Mufindi, na cheche haisomi kalenda.

Msangu_Halisi: Agosti hii ulanzi utoke wapi? Ulanzi ni wa masika. Wewe ni Mhehe kweli au ulihamia?

Kibena2: 😂😂 Kakamatwa. Sasa hivi watu wako kwenye komoni, pombe ya nafaka.

Mrina: Cheka tu. Mwaka juzi kuna watu walinichomea mizinga saba, Juni hiyohiyo mnayoisifia. Nilikuta nta imetiririka kwenye shina hadi chini, imegandamana na majivu, nyuki wamejazana mlangoni wamekufa. Umande ulikuja, ndiyo. Saa tisa usiku.

Bwanamiti: Pole sana kaka. Ila hapo hapakusafishwa chini ya mizinga, na hamkuambiwa. Zambia, kule Ndola, walitenga viwanja vya moto tangu 1933. Cha kuchomwa mapema miti ilibaki, cha mwisho wa kiangazi kilibaki karibu majani matupu. Halafu Baba Paina, Waaustralia hawahesabu hewa ukaa ya moshi huo, maana majani yakiota yanaivuta tena. Wanahesabu methani na oksidi ya nitrasi.

Mrina: “Hapakusafishwa.” Yaani kosa langu. Na kiwanja cha tatu cha Ndola, kile kilichokingwa moto kabisa, mbona umekiruka? Kilifunga, kikawa kichaka kizito. Nani analipia hicho?

BabaPaina: Mimi nimezaliwa Kilolo, nimegema mianzi kabla hujaota meno. Mwaka huu mpaka Juni mbeta za kukingia zilikuwa zinajaa. Usinifundishe ulanzi.

Kibena2: Wa Juni si ulanzi mzee, huo ni mkangafu.

BabaPaina: Mkangafu ni ulanzi uliolala. Mbichi ni togwa. Watoto wa Njombe mnakunywa tu, hamjui majina.

Bwanamiti: Mrina, hoja yako ya kiwanja cha tatu nitaijibu jioni, niko barabarani.

Msangu_Halisi: Kwa hiyo hela za kaboni zikija, kijiji au halmashauri?

Kibena2: Halmashauri ikizishika hutaona hata ya komoni. Baba Paina, uliolala siku ngapi?